Machale yamekucheza. Ushahidi uko wapi?

Wadogo zangu wa Kamembe, Bugarama na Nkanka, na ninyi wa ng'ambo ya daraja kule Bukavu, nisikilizeni. Kuna barua mezani inayowaka moto, na kabla haijaniunguza nawasomea.

“Dada, nimeolewa mwaka wa sita sasa. Mume wangu anapeleka nyanya na vitunguu Bukavu, anavuka Rusizi ya Kwanza asubuhi, jioni anarudi. Tangu Krismasi amebadilika. Anakula kidogo, simu anailaza kifudifudi, akipigiwa anatoka nje. Moyo unaniambia ana mwanamke kule Kadutu. Juzi wifi yangu akanitumia picha ya mazungumzo ya WhatsApp, mwanamume anamwita mtu ‘mpenzi wangu’, na jina lililo juu ni la mume wangu. Mama anasema moyo wa mwanamke haudanganyi. Rafiki yangu mwalimu anasema kama sina ushahidi ninyamaze. Nimsikilize nani?”

Usimsikilize yeyote kati yao peke yake, mdogo wangu. Mama ana nusu, mwalimu ana nusu, na wewe ndiye unayelala chumba kimoja na huyo bwana. Kaa nikueleze, na usikimbilie mwisho wa safu kutafuta kama nimesema uondoke au ubaki.

Kwanza machale yako siyadharau hata kidogo. Miaka sita unamjua mtu huyu anavyokohoa, anavyovua viatu, anavyosema “nimechoka” akiwa amechoka kweli na anavyosema akiwa hataki maswali. Kichwa chako kimekuwa kikihesabu mambo hayo mchana na usiku bila kukuarifu. Hesabu isipotoka sawa, kinakupigia kengele tumboni. Hakuna uchawi hapo, ni uzoefu usio na maneno.

Nenda pale mpakani uwaangalie wabadilisha fedha. Wapo ambao noti ya dola mia ikipita tu kati ya vidole wanajua kuna kasoro, hata kabla ya kuinua macho. Ukiwauliza wamejuaje, hawana maelezo marefu. Wamejifunza kwa njia chungu, kwa kuwa kila noti mbaya waliyopokea iliwatia hasara, na hasara ikawafundisha upesi. Mkunga mzee naye ni vivyo hivyo, humwangalia mama anayejifungua akasema “huyu apelekwe hospitali sasa hivi” wakati vipimo bado havijasema kitu. Mwaka 2009 wanasaikolojia wawili waliokuwa na misimamo inayopingana juu ya jambo hili, Daniel Kahneman na Gary Klein, waliandika makala pamoja kuona wanakubaliana wapi. Walikubaliana kwamba hisia ya mtu mzoefu ni ya kutegemewa pale jambo lenyewe linapokuwa na utaratibu unaojirudia, na mtu mwenyewe awe amepata nafasi ya kutosha ya kuonyeshwa, kila mara, kama alipatia au alikosea.

Lakini hao hao wa mpakani, waletee dola yenye mpasuko mdogo kama ukucha. Bukavu yote wataikataa, na noti si bandia, Marekani ingepokelewa bila neno. Hapo kidole hakijui lolote, ni mazoea ya soko tu yaliyovaa nguo za ujuzi. Nalitaja hilo kwa sababu mengi tunayoyaita “moyo unaniambia” ni ya namna hii. Tumeambiwa tangu utotoni kwamba wafanyabiashara wa mpakani wana wake pande mbili, basi siku mume akichelewa, moyo unasoma kilichokwisha kuandikwa na majirani.

Sasa jipime kwa kanuni ya wale wanasaikolojia wawili. Je, umewahi kuwa na waume kumi, watano waaminifu na watano waongo, ukajifunza kuwatofautisha? Hapana. Una mmoja. Kwa hiyo katika jambo moja wewe ni bingwa: kujua kwamba mtu huyu, mume wako, si yule wa mwaka jana. Moyo wako ukikuambia “kuna kitu”, mimi nakubali, pengine kipo. Lakini ukikuambia “kuna mwanamke”, hapo umevuka mpaka bila kibali. Mwanamume mwenye deni hulaza simu kifudifudi. Aliyenyang'anywa mzigo na kuona aibu kusema hutoka nje kupokea simu. Mgonjwa aliyepimwa na kuogopa majibu hula kidogo. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, sijui mfanyabiashara anayevuka kwenda kule ambaye hana la kumnyima usingizi. Machale hujua kwamba jambo lipo. Ni jambo gani, na kwa nini, hayajui, na hilo ndilo linalohitaji ushahidi.

Mtaniambia, “Dada, mbona mara nyingi moyo umeniambia na ikawa kweli?” Mara nyingi ngapi? Watu wazima wa wilaya yetu ya Rusizi wanaikumbuka Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008. Tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilitupiga asubuhi, watu wengi wakiwa makanisani, na upande wa Rwanda peke yake walikufa zaidi ya watu 30, hasa hapa kwetu na Nyamasheke. Mpaka leo ukikaa na watu utasikia, “Asubuhi ile nilihisi nisitoke nyumbani.” Sisemi wanadanganya. Nauliza tu: ni Jumapili ngapi nyingine walihisi wasitoke, wakatoka, wakarudi, wakapika, wakasahau? Hisia iliyogonga mwamba hatuihifadhi. Ile iliyopatia tunaisimulia hadi wajukuu waijue. Ndiyo maana nawashauri, na hii ni kazi ya kalamu na daftari tu, mwandike hisia zenu kabla ya matokeo. “Leo Jumanne nahisi mume wangu hatakuwa sokoni bali kwa mtu fulani.” Halafu ngoja, hakiki, andika jibu mbele yake. Baada ya miezi miwili au mitatu utajua moyo wako una alama ngapi, nawe utauheshimu kwa kiasi chake.

Ushahidi nao una mambo yake. Mwalimu rafiki yako anazungumza kana kwamba ushahidi ni jiwe, ukiliokota limekwisha. Twende kwa Yusuf, kwa maana kisa chake kiko msikitini na kanisani, na sidhani kuna mtu Kamembe asiyekijua. Ndugu zake walimletea baba yao vazi lenye damu. Kwa macho, ushahidi ulikamilika: vazi ni lake, damu ni damu. Katika Biblia Yakobo anaamini na kuomboleza. Katika Qur'ani Yakub hawaamini wanawe, anawaambia kwamba nafsi zao ndizo zimewapambia jambo, naye anashika subira. Kisha Yusuf anakua, mke wa bwana wake anamshambulia, na vazi linarudi tena. Katika Mwanzo mwanamke anabaki na vazi mkononi na kulitumia kumfunga mtu asiye na kosa. Katika sura ya Yusuf kanzu imeraruliwa kwa nyuma, na mtu mwenye akili anasema tazameni upande: kama imeraruliwa mbele, mwanamke kasema kweli, kama ni nyuma, mwanamume alikuwa akikimbia. Yusuf akatoka safi.

Vazi ni vazi, lakini mara moja linasema uongo, mara nyingine linaokoa. Tofauti yake haimo katika kitambaa. Imo katika maswali mawili: nani amelileta, na lingeonekanaje kama mambo yangekuwa kinyume? Yule aliyeuliza “mbele au nyuma” alikuwa amejiandaa kukubali jibu lolote kati ya mawili. Wale waliopaka damu walileta vazi lenye jibu moja tu.

Basi mpelekee wifi yako maswali hayo hayo. Picha ya mazungumzo ameipata wapi? Ilitoka kwenye simu ya nani? Jina linaloonekana juu ya mazungumzo ni lile alilolihifadhi mwenye simu, si lile lililoandikwa na serikali kwenye kitambulisho. Mimi sasa hivi naweza kuhifadhi namba ya fundi wangu wa viatu kwa jina la mumeo, nikajibishana naye mapenzi, nikapiga picha. Dakika tatu. Sauti siku hizi nazo zinatengenezwa, na sura pia. Picha bila namba, bila tarehe, bila mtu aliyeipiga kujitokeza na kusema “niliipiga mimi, mahali fulani”, ni vazi lenye damu ya mbuzi mpaka ithibitishwe vingine. Na usisahau kuuliza wifi anapata nini mkigombana. Sisemi ni mbaya. Wapo mawifi wanaompenda mke wa kaka yao kuliko kaka mwenyewe. Nasema uulize.

Halafu kuna ugonjwa mwingine wa ushahidi, nao ni wa mwenye kuutafuta. Ukishaamini kabla, kila kitu kinageuka kuwa ushahidi. Akichelewa, alikuwa kwake. Akiwahi, anaficha. Akinunua kitenge, dhamiri inamsuta. Asiponunua, amempelekea mwingine. Mdogo wangu, kabla hujapekua mfuko hata mmoja, jiulize: ni kitu gani kingenionyesha kwamba nimekosea? Kama hakuna, acha kupekua, kwa sababu huchunguzi, unakusanya kuni.

Tuna methali mbili zinazogombana juu ya jambo hili, na wazee walituachia zote mbili bila kutuambia tuchague ipi. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mdhaniaye ndiye kumbe siye. Mama yako anasimama na ya kwanza. Mimi, kwa miaka niliyosoma barua zenu, nimeegemea ya pili, hasa panapokuwa na jina la mtu ndani yake.

Na hapa Cyangugu hatuhitaji kwenda mbali kujifunza kwa nini jina la mtu linadai uzito. Nalitaja kwa heshima, nisamehewe na wale ambao kwao si mfano bali ni maisha. Kila mtu hapa anajua kilichotokea mwaka 1994. Uwanja wa Kamarampaka, ambako Watutsi walikusanywa na baadhi yao kutolewa na kwenda kuuawa, upo palepale. Juni 2006, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha iliamua kwamba mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni ukweli unaojulikana na wote, haudai kuthibitishwa upya katika kila kesi. Hilo limekwisha, halina mjadala. Lakini mahakama hiyohiyo, katika kesi iliyoitwa ya Cyangugu, tarehe 25 Februari 2004 ilimhukumu Samuel Imanishimwe, aliyekuwa kamanda wa kambi ya jeshi hapa, na kuwaachia huru André Ntagerura, aliyekuwa waziri, na Emmanuel Bagambiki, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Cyangugu. Majaji walisema mashtaka dhidi ya hao wawili na ushahidi ulioletwa havikutosha. Rufaa ya mwaka 2006 haikubadilisha hilo, na kifungo cha Imanishimwe kikapunguzwa kutoka miaka 27 hadi 12. Watu wengi hapa waliupokea uamuzi huo kwa uchungu mkubwa, na siwezi kumwambia yeyote asiumie.

Ninachotaka mwone ni hiki. Mahakama moja ilisema jambo lenyewe halihitaji ushahidi, na pia ikasema kila mshtakiwa anahitaji ushahidi wake. Kujua kwamba limetokea hakukupi, kwa hilo pekee, jina la aliyetenda, na kushindwa kuthibitisha jina hakufuti kilichotokea. Mtu anayechanganya mambo hayo mawili anaumia mara mbili, au anamuumiza asiyehusika.

Mahakama za kijiji za Gacaca nazo zilitufundisha kwa njia ya nyumbani. Zilianza kwa majaribio mwaka 2002, zikafungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012, zikiwa zimesikiliza kesi karibu milioni mbili. Waamuzi, inyangamugayo, hawakuwa wanasheria. Walikuwa watu wa kijiji waliochaguliwa na wenzao kwa uadilifu wao. Hakukuwa na maabara, karibu kila kitu kilikuwa neno la mtu mbele ya majirani zake. Kwa hiyo mzigo wote ulikaa katika kutenganisha neno la aliyekuwepo na neno la aliyesimuliwa. Zilikuwa na kasoro, zimeandikwa vitabu juu yake, na wapo waliosema uongo na wapo walionyamaza. Bado swali la “uliona au ulisikia?” lilibaki kuwa swali zuri kuliko yote, na sijui kwa nini tukishatoka kwenye vikao vile tunalisahau jikoni.

Barua ya pili ni fupi, ya kaka mmoja wa Bugarama. “Dada, mtoto wangu wa kiume ana miaka mitatu. Hafanani nami popote. Wenzangu kiwandani wananitania. Nikapime DNA?”

Kaka yangu, sura ni shahidi mlevi. Mtoto hupokea nusu ya urithi wake kwa mama na nusu kwa baba, na ndani ya nusu hiyo inaweza kutokea pua ya bibi yako ambaye hukuwahi kumwona hata kwa picha. Kama unataka kuona sura inavyoweza kupotosha watu wazima wenye akili zao, sikiliza kisa cha Charlie Chaplin, yule mchekeshaji wa sinema za kimya. Katika miaka ya 1940 huko California, mwanamke aitwaye Joan Barry alimshtaki kwamba ndiye baba wa bintiye. Damu ilipimwa: Chaplin kundi O, mama kundi A, mtoto kundi B. Mtoto wa kundi B lazima aipate B kutoka kwa mmoja wa wazazi, na hapo hakuna mwenye nayo. Kwa hiyo Chaplin hakuwa baba. Lakini sheria ya huko wakati ule haikukichukulia kipimo hicho kuwa cha mwisho, wakamsimamisha mbele ya baraza la raia pamoja na mtoto ili watazame wanafanana au la. Mwaka 1945 baraza likaamua ni baba, na akaamriwa kulipa matunzo. Macho yaliishinda damu mchana kweupe.

Wewe una bahati kuliko Chaplin. Tangu mwaka 2018 kuna maabara ya uchunguzi wa kisayansi Kigali, pale Kacyiru, inayopima DNA humu humu nchini. Kabla ya hapo sampuli zilikuwa zikipelekwa Ujerumani. Kipimo kinapatikana, basi la kupita Nyungwe na Huye unalijua, na majibu yake ni ya kutegemewa kuliko macho ya wenzako kiwandani. Siwezi kukuambia usipime. Lakini nitakuuliza kama nilivyomuuliza dada yetu: moyo wako unajua nini hasa? Unajua kwamba utani unakuuma. Pengine unajua kwamba wewe na mkeo hamzungumzi kama zamani. Hayo hayapimwi Kacyiru. Kipimo kitajibu swali moja tu, la baba wa kuzaa, na kitalijibu milele. Jibu likiwa “wewe ndiye”, mkeo atabaki akijua ulimshuku mpaka ukalipa pesa. Likiwa “siye”, mtoto wa miaka mitatu atakuwa bado amesimama mlangoni akikuita baba. Amua leo utafanya nini na kila jibu. Kama kuna jibu moja usilojua la kulifanyia, bado hujawa tayari kwa bahasha. Na usiende kwa siri, mtoto si sampuli, ana mama.

Kuna wadogo zangu ambao yote niliyosema mpaka hapa yanaweza kuwadhuru wakiyachukua vibaya, nami siwezi kuwaacha hivyo. Binti mmoja ameniandikia kuhusu mama fulani anayemtafutia kazi ya ndani nchi za Ghuba. Pasipoti anataka aishike yeye, mkataba “utasomwa ukifika”, na wazazi wasiambiwe mapema. Binti anasema, “Dada, nahisi vibaya lakini sina ushahidi, nisije nikamsingizia mtu mwema.”

Mwanangu, usiende. Unahitaji ushahidi ili kumshtaki mtu. Ili kukataa, kuondoka, kufunga mlango, kushuka kwenye pikipiki, huhitaji ushahidi wowote. Pima hasara za pande zote mbili. Kama umekosea juu ya mama huyo, umepoteza kazi moja na yeye amenuna. Kama umepatia na ukaenda, umepoteza usichoweza kukirudisha. Pale kosa la upande mmoja linapokuwa dogo na la upande mwingine ni kaburi, machale peke yake yanatosha kutembea nayo. Wanawake wengi tumelelewa tuwe na adabu hata kwa hatari. Adabu hiyo iachwe nyumbani. Kisha, ukishakaa salama, hayo uliyoyaona, pasipoti, mkataba, siri, ndiyo uwapelekee wazazi na polisi. Hayo ni ya kuonekana, si ya kuhisi.

Na kama tayari mtu amekudhuru mwili, wewe au mtoto, nenda hospitali mapema iwezekanavyo, kabla ya kuoga na kabla ya kufua nguo, hata kama unaona aibu. Vituo vya Isange One Stop Center, vilivyoanza Kacyiru mwaka 2009, sasa vipo katika hospitali za wilaya, huduma ni bure, na daktari, polisi na mshauri unawapata mahali pamoja. Ushahidi wa mwili haungoji ujasiri wako. Saa zinaufuta. Ujasiri utakuja baadaye.

Turudi kwako, mke wa muuza nyanya.

Usimwonyeshe picha usiku akiwa ametoka safari na njaa. Mpishie, ale, watoto walale. Anza na kile unachokijua, si kile unachokishuku. “Tangu Krismasi huli vizuri. Simu unaipokelea nje. Naogopa.” Sentensi tatu, zote umeziona kwa macho yako, hakuna hata moja anayoweza kuiita umbea wa wifi. Ukianza na “una mwanamke Kadutu”, atajitetea juu ya mwanamke na hutajua kamwe kuhusu deni. Ukianza na yale uliyoyaona, atalazimika kujaza mwenyewe kwa nini. Kisha nyamaza. Najua ni vigumu, lakini nyamaza kweli. Wengi wenu huuliza swali na kulijibu wenyewe kabla mtu hajameza mate.

Akikupa maelezo, usiyaamini wala usiyakatae papo hapo. Maelezo ya kweli huacha alama duniani: deni lina mtu anayedai, mzigo uliokamatwa una karatasi, ugonjwa una kadi ya kliniki. Mwombe mwende pamoja mkamalize. Hapo moyo wako utarudi kazini na utakuwa na kitu cha kupima. Akikasirika kwa sababu umeuliza tu, hilo nalo liandike katika daftari, lakini liandike kama lilivyo: “alikasirika.” Usiandike “alikiri.”

Picha ya wifi mwonyeshe baadaye, mchana, wifi akiwepo ikiwezekana. Mwambie wifi mapema kwamba utafanya hivyo. Ataisimamia au ataomba uifute, na lolote atakalochagua litakufundisha jambo. Na kama hofu yako ni ya afya, usingoje hukumu ya ndoa. Nendeni wote wawili kituo cha afya mkapime, kipimo cha VVU hakidai kwanza mjue nani ni mkosaji.

Ikigundulika mama yako alikuwa sahihi, utaniandikia tena na tutazungumza kuhusu mali, watoto na sheria, maana hapo kuna mengi. Nimesoma tena sura ya Yusuf kabla ya kukujibu, na kuna sehemu ambayo huwa tunaipita haraka. Yakub, ambaye moyo wake ulikataa lile vazi tangu siku ya kwanza, hakubaki amekaa na hisia yake akiisifu. Aliwaambia wanawe waende wakamtafute Yusuf na habari zake, wasikate tamaa. Alikuwa na hakika moyoni na bado akatuma watu.

Barua zenu zinanifikia, wadogo zangu, endeleeni kuandika. Ila yeyote atakayeniletea jambo la mwenzake, mstari wa kwanza uniambie waziwazi: uliona au ulisikia? Zisizo na jibu la hilo sitazichapisha.